Valvu mpya na umeme wa Mwanza

Kila anayenunua amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, siku hizi huja na swali lilelile: "Fundi, niipige saa ngapi mpaka ilainike?" Ameshasikia mahali kwamba valvu mpya ni kama kiatu kipya, kinabana mwanzoni halafu kinamkubali mwenyewe. Mmoja alinihakikishia kwamba ni saa mia moja kamili, na kwamba hata nyaya za spika zina saa zake. Huwa sibishani na mteja. Namwambia aipige, ila aipige akiwa humohumo chumbani, macho kwenye valvu na mkono usiwe mbali na swichi, maana saa za kwanza zina kazi yake, na kazi hiyo si kuongeza utamu.

Mimi ni fundi redio hapa Kirumba. Kinacholisha nyumba ni sabufa, televisheni na inveta za sola. Valvu zinakuja moja moja, lakini miaka hii zimerudi. Vijana wenye kazi nzuri wanaagiza amplifaya ndogo kutoka China, na familia za zamani zinafungua vyumba vya nyuma na kutoa redio-gramu, redio na santuri kwenye kabati moja, iliyolala chini ya magunia tangu enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Kipya na kizee vyote vinaishia mezani kwangu, na uangalizi wake unafanana kuliko watu wanavyodhani.

Ndani ya ile chupa ya kioo hamna hewa. Kuna waya mwembamba unaowaka na kupasha joto kibomba kilichopakwa unga mweupe, hicho ndicho kathodi. Unga ule ukipata moto wa kutosha unatoa elektroni, nazo zinavutwa na pleti yenye volti mia mbili, mia tatu za chanya. Katikati kuna gridi, kiwaya kilichozungushwa, na volti kidogo tu zikiwekwa pale zinatosha kubana au kuachia mkondo mzima. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza, isiyo na gridi, mwaka 1904. Mmarekani Lee de Forest akaongeza gridi mwaka 1906, na hapo ndipo kukuza sauti kulipowezekana. Uhai wote wa valvu uko kwenye ule unga na ule utupu. Kimoja kikiharibika, hakuna dawa wala fundi.

Valvu ikitoka kwenye boksi mkondo wake haujakaa sawa. Katika saa chache za mwanzo kathodi inatulia, na mabaki ya gesi yaliyomo ndani yananyonywa na lile doa la rangi ya fedha unaloliona kwenye kioo, mara nyingi juu kabisa. Doa lile ni bariamu, limewekwa kwa kazi hiyo. Likigeuka jeupe, ujue kioo kina ufa na hewa imeshaingia; valvu hiyo usiiwashe hata kwa kujaribu. Basi mabadiliko yapo, na mita inayaona. Sikio kuyaona ni habari nyingine.

Chukua EL84, valvu ya nguvu iliyojaa kwenye hizi amplifaya ndogo. Kwenye nyingi kathodi yake inashuka chini kupitia rezista, kile kidude cha kubana mkondo, mara nyingi ya omu 270. Naweka mita kwenye miguu miwili ya hiyo rezista nasoma volti. Nikikuta volti 10, nagawa kwa 270, napata milliampea 37. Kama kati ya pleti na kathodi kuna volti 290, valvu inakula karibu wati 10.7, nayo imeruhusiwa 12. Iko salama. Nikikuta volti 12 na nusu, imeshavuka wati 13, inajichoma. Hesabu hii nafanya baada ya dakika kumi za kwanza, narudia baada ya saa moja, kisha namwomba mteja aniletee tena akishaipiga jioni kadhaa. Volti zikiwa zimetembea kidogo na kusimama, tumeelewana. Zikiwa bado zinapanda kila nikipima, valvu ina gesi au kuna kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, inavuja nyuma yake, na hapo hakuna cha kusubiri ilainike.

Wakati wa hizo saa za kwanza nazima taa ya kibandani. Pleti ni bati la kijivu au jeusi, halitakiwi kuwa na rangi nyingine. Likianza kuonesha wekundu, hata kidogo pembeni, zima. Rangi ya bluu inayocheza kwenye uso wa ndani wa kioo haina neno, watu wengi huiogopa bure. Ni elektroni zilizopotea njia zinazogonga kioo. Lakini bluu ya kuelekea zambarau iliyojaa katikati, kati ya vyuma, ni gesi. Vile vimlio vya tik, tik, ni kioo na vyuma vinavyotanuka kwa joto. Halafu nachukua penseli, upande wa kifutio, nagonga taratibu zile valvu ndogo, ECC83 na wenzake, huku sauti ikiwa wazi. Zote zitasikika kidogo. Ile inayolia kengele kwenye spika haifai kukaa mlango wa kwanza wa amplifaya. Naisogeza kwenye nafasi ya mbele zaidi ambako sauti haikuzwi tena sana, au inarudi kwa muuzaji muda wa kurudishiana ukiwa bado haujaisha. Hiyo ndiyo faida kubwa ya saa za kwanza. Valvu mbovu huwa haikawii kujionesha. Iliyovuka wiki zake za mwanzo bila vituko kwa kawaida itakaa: za nguvu maelfu kadhaa ya saa, ndogo kama ECC83 hata kupita elfu kumi.

Kuna bwana mmoja wa Capri Point, mtu wa miziki kwelikweli, alinipigia simu mwezi mmoja baada ya kumfungia amplifaya yake. "Fundi, imelainika! Njoo usikie mwenyewe, besi imeshuka, ukali umeondoka." Nikaenda, kwanza kwa sababu huwa kuna chai nzuri. Nikapima. Siku nilipoifunga rezista ilikuwa inasoma volti 10, safari hii 10.1. Nikainua macho nikaangalia sebule. Siku ya kwanza ilikuwa vigae vitupu na dirisha kubwa la kioo linaloangalia ziwa, sauti ikigonga huku na kurudi. Sasa kuna zulia ukuta hadi ukuta, mapazia mazito na makochi mapya. Nikamwambia kazi nzuri imefanyika hapa. Hakuniuliza ni ya nani, nami sikutaja. Na kwa haki yake, masikio nayo yanazoea. Ukisikiliza kitu kilekile kila jioni kwa mwezi, mwishoni ni wewe uliyelainika.

Redio-gramu ya mwalimu mstaafu wa Pasiansi ilikuwa kazi ya aina nyingine kabisa. Nilipofika kijana wake alikuwa ameshaitoa sebuleni, kuifuta vumbi, na plagi iko mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Hii ilikuwa ya marehemu. Nataka ipige kabla wajukuu hawajaigeuza kabati la vyombo."

"Fundi, tuchomeke kwanza tuone kama inawaka?" kijana akauliza.

"Usichomeke kitu, mdogo wangu. Tuifungue kwanza."

Hapa ndipo vifaa vingi vya zamani vinapofia. Redio imekaa kimya miaka arobaini bila kuharibika, halafu inaharibika ndani ya sekunde kumi za kujaribiwa. Kapasita kubwa za kuchuja umeme zina utando mwembamba ndani unaozuia mkondo usipite, na utando ule hujengwa na umeme wenyewe. Kapasita isipotumika miaka mingi utando unakonda. Ukiipa volti mia tatu kwa mkupuo inapitisha mkondo ovyo, inachemka, inapasuka, na ikiondoka inaweza kwenda na transfoma. Transfoma ya redio ya mwaka 1960 hutaikuta sokoni Mlango Mmoja hata ukizunguka kutwa.

Tukafungua ubao wa nyuma. Kiota cha panya, kikavu, kimejengwa kwa vipande vya gazeti. Na kwenye ubavu wa kabati, kile kikaratasi cha ramani ya valvu kikiwa bado kimebandikwa: ECC85, ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80. Mimi huanza na herufi ya kwanza kabla ya yote, na kila anayeshika redio za Ulaya za zamani angefanya vivyo hivyo. E maana yake waya wa moto wa valvu unatumia volti 6.3, kwa hiyo kwa kawaida kuna transfoma ya umeme na bati la chini, ile chesisi, limetenganishwa na umeme wa ukutani. Ingekuwa U, kama UCL82, valvu zimefungwa mfululizo, mkondo wa milliampea 100 unapita moja hadi nyingine, na kwa kawaida redio ya namna hiyo haina transfoma ya kuitenga. Chesisi imeungana moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikigeuzwa, au nyaya zikifungwa kinyume, unayoishika ni laini, ule waya wenye umeme. Redio za U nazifungua kupitia transfoma ya kutenganisha tu, na mwenye nayo namweleza mbele ya watoto wake. D ilikuwa kwa ajili ya betri, valvu za volti 1.4 na betri kubwa ya volti 90 pembeni. Hizo ndizo zilizokuwa zikiimba vijijini kabla nguzo hazijafika.

Tukaileta Kirumba kwa bajaji. Kapasita za karatasi, zile za nta zinazotoa utomvu wa kahawia, sikuzipima hata moja, nilizitoa zote. Kuna moja hasa isiyofaa kuachwa hata kama inaonekana nzima: ile inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu ya nguvu. Ikivuja, volti za chanya zinaingia kwenye gridi, EL84 inafunguka mpaka mwisho na pleti inakuwa nyekundu. Ukitaka kujua kama inavuja, chomoa EL84, washa, pima volti za gridi kwenye soketi. Zinatakiwa kuwa sifuri. Chanya yoyote ile, hata volti mbili tatu, toa kapasita.

Zile kubwa za kuchuja nilizirudishia utando taratibu. EZ80, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, haifai kwa kazi hiyo kwa sababu volti zikiwa ndogo yenyewe haipati moto wa kutosha. Nikaichomoa, na nafasi yake nikaweka kwa muda dayodi mbili za 1N4007 na rezista kubwa inayobana mkondo, nikapandisha volti hatua kwa hatua huku nikiangalia mita. Kila hatua nasubiri mkondo ushuke ndipo naongeza. Kazi ya kutwa nzima, haina shangwe, na mteja akikukuta anadhani umekaa tu.

Mwisho nikairudisha EZ80 na kuiwasha kupitia balbu iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na redio inabaki salama. Kukiwa salama, inawaka kidogo kisha inafifia. Balbu yenyewe lazima iwe ya waya, ya wati 60 au 40. Hizi za LED hazifanyi kazi hiyo hata kidogo. Za waya madukani zimekuwa adimu, mimi nazipata kwa wauza vifaa vya kuku, kwani wafugaji bado wanazitaka kwa kulelea vifaranga.

Kijana wa mwalimu alikuwapo. Nikabonyeza swichi, balbu ikang'aa, ikafifia. Kimya. "Haipigi," akasema. Nikamwonesha kwa kidole: ndani ya EL84 uzi wa machungwa ulikuwa unakolea polepole. Inachukua kama nusu dakika. Kikaanza kimvumo chepesi, kisha mkwaruzo wa kitufe cha sauti, kisha mtangazaji mmoja wa hapahapa mjini akisoma matangazo ya vifo. FM ya redio hiyo inaishia kwenye 100, kwa hiyo vituo vingi vya leo haivifikii, lakini vile vya chini inavipata, na sauti ya mtu akiongea kupitia spika yake kubwa ina uzito ambao simu haitaupata milele.

Nilipoipeleka Pasiansi nilipima kwanza umeme wa ukutani: volti 243. Nyuma ya redio kuna kile kizibo cha kuchagua volti, na kilikuwa kimewekwa 220. Ukipiga hesabu, valvu iliyotakiwa kupata volti 6.3 ilikuwa ipate karibu 7. Itaimba, tena kwa nguvu, lakini kathodi inaungua umri wake. Nikakigeuza kizibo kuwa 245. Kwangu hiyo ni matunzo makubwa kuliko kubadilisha valvu za bei mbaya, na ni bure. Wenye amplifaya zilizotengenezwa kwa volti 220 bila kizibo cha kuchagua, nawaambia wapime nyumbani kwao usiku wa manane, wakati majirani wamezima pasi na majiko, maana huo ndio wakati volti zinapanda.

Wenye vifaa vya Marekani wana lao. Transfoma ya kushushia kutoka 230 hadi 115 inatatua volti, haigusi hezi, yaani umeme unakwenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde. Kwao ni 60, kwetu 50. Transfoma ya ndani inapata joto zaidi, na kama ni santuri inayozungushwa na mota ya umeme wa ukutani, inazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Kuna mtu aliniletea ya hivyo akisema sindano imechoka, waimbaji wake wote wamekuwa wanaume.

Halafu kuna kukatika kwa umeme. Umeme ukikata, chomoa. Ukirudi, usikimbilie, acha utulie, maana huwa unarudi na hasira: unapanda, unashuka, unakata tena. Kwa amplifaya za valvu nimekuwa nikifunga kile kifaa cha kulinda friji, kinachouzwa kila duka la umeme. Kinakata volti zikizidi au zikipungua, na umeme ukirudi kinasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Wakati wa mvua za radi, na huku kwetu radi za ziwani si za kitoto, plagi itoke ukutani na waya wa antena utoke redioni, vyote viwili.

Jambo ambalo mafundi wa Dar hawalijui ni mawe yetu. Nyumba za mlimani, Igogo, Mabatini, kule juu, nondo ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, inagonga jabali kabla haijafika popote. Waya wa kijani upo kwenye soketi, ukienda kuutafuta nje unaishia kwenye jiwe. Amplifaya ya valvu kwenye nyumba ya namna hiyo inavuma, na ukigusa chesisi unasikia kijitetemeko kwenye vidole. Watu wanabadilisha valvu mara mbili wakidhani ndizo zinazovuma. Tafuta fundi umeme atafute udongo, hata kama ni mita kadhaa kutoka kwenye nyumba, hata kama ni karibu na bomba la maji machafu.

Ila chumvi hatuna, ziwa letu ni maji baridi. Mwenzangu wa Tanga hufungua redio akakuta soketi zimeota ukijani. Huku unakuta vumbi, na wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama wingu la moshi juu ya maji wakifika mjini jioni, wanafuata mwanga, na valvu ni mwanga. Wanaangukia kwenye kioo chenye joto, wanakaukia pale, wengine wanadondoka kwenye matundu hadi kwenye soketi. Asubuhi unakuta unga wa mabawa. Unga huo ukinyonya unyevu kati ya miguu ya valvu yenye volti mia tatu, unaanza kusikia mkwaruzo usioeleweka. Wavu uwekwe dirishani, usiufunge kwenye amplifaya kwa sababu utazuia hewa. Kitambaa cha kufunika kiwekwe ikishapoa kabisa.

Mjusi kafiri ndiye mbaya zaidi. Anapenda joto. Kuna amplifaya iliyoletwa hapa ikiwa inakata fyuzi kila ikiwashwa. Nilipoigeuza, mjusi alikuwa amelala kati ya miguu ya soketi ya valvu ya kugeuza umeme, mkono mguu wa kwanza, mkia mguu wa tatu, mkavu kama dagaa wa Mwaloni. Nikamtoa kwa koleo, nikasafisha kwa spiriti na mswaki, nikaweka fyuzi, ikapiga. Mwenye nayo hakutaka kulipa kwa vile sikubadilisha kitu.

Kusafisha nako kuna adabu yake. Miguu ya valvu na soketi, sawa, spiriti na mswaki laini. Kioo, hapana, au basi upande usio na maandishi. Wino wa valvu za zamani unatoka hata kwa kidole kilichotoka jasho, na ECC83 isiyo na jina utaitambuaje mbele ya ECC81 na ECC82, vikopo vitatu vinavyofanana? Ichomoe imepoa, ivute wima, uiyumbishe kidogo sana. Kioo kinapasuka pale miguu inapoingilia. Na usiingize mkono ndani eti kwa sababu plagi iko chini. Kapasita zinabaki na umeme. Mzee aliyenifunza alikuwa akifanya kazi mkono wa kushoto ukiwa mfukoni muda wote, ili mkondo ukimpata usipite kifuani, na kabla ya kugusa chochote anazimua kapasita kwa rezista ya kilo-omu kumi ya wati tano yenye nyaya za kubana, kisha anapima kwa mita kuthibitisha. Bisibisi hakuitumia kwa kazi hiyo. Cheche ile inakula kapasita, na macho.

Mawili ambayo vijana hawayapendi. La kwanza, amplifaya ya valvu haipigwi bila spika. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, volti zinaruka juu mpaka zinatoboa insulesheni yake, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Kijana mmoja wa Nyakato alichomoa waya wa spika muziki ukiwa juu, abadilishe spika haraka kabla wimbo haujaisha. Wimbo uliisha. La pili, kuiacha kutwa moto ukiwa umewashwa lakini volti kubwa zimezimwa, eti ikae tayari. Kathodi yenye moto lakini haitoi mkondo hujenga ukoko wa ukinzani kati ya unga na kibomba, na valvu inachoka bila kufanya kazi. Kama huisikilizi zaidi ya saa moja, zima yote.

Valvu mpya leo zinatoka hasa Urusi, Slovakia na China, na kwetu zinafika kwa mtu anayesafiri au kwa kifurushi cha basi kutoka Dar. Nikiagiza naagiza moja ya ziada kwa kila aina, kisha naipiga saa zake za kwanza hapahapa kibandani kabla ya kuirudisha kwenye boksi. Akiba ambayo haijawahi kuwashwa huwezi kujua kama ni akiba.

Mwalimu alinipigia juzi. Anakwenda Ukerewe kwa dada yake kwa miezi kadhaa, akauliza aifanye nini redio yake.

"Chomoa ukutani, mwalimu, na waya wa antena pia. Ila umwachie mtu funguo awe anaiwasha walau saa moja kila mwezi, zile kapasita zisilale tena."

"Saa moja tu? Mwanangu, saa moja ni taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji. Mwambie huyo mtu aiwashe mpaka muziki."